Goti si Bawaba: Wajibu wa Mwenzi katika Baridi Yabisi

Katika nyumba nyingi baridi yabisi ya goti hujulikana kwanza alfajiri. Mke hushika ukingo wa kitanda, huinuka nusu, hukaa tena, kisha hujaribu mara ya pili huku uso umemkunjamana. Mume aliyeishi naye miaka thelathini huyaona yote hayo, na moyo wake humpa jawabu lililo karibu: "Mama watoto, wewe kaa tu. Leo usiinuke." Baadaye hupita dukani, hununua vidonge vya kutuliza maumivu, na jioni humuuliza kama amevimeza. Mume huyo ametenda wema, wala hapana wa kumlaumu. Hata hivyo, miezi kadhaa ikipita, mke yule haendi tena sokoni, haonekani msibani wala harusini, na ngazi mbili za baraza zimekuwa mlima kwake.

Hali ya namna hii haiko katika kijiji kimoja wala nchi moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na maradhi ya viungo yaitwayo kitaalamu ostioathritisi, ambayo Waswahili huyaweka ndani ya jina pana la baridi yabisi. Asilimia 60 ya watu hao walikuwa wanawake, na asilimia 73 walikuwa wamepita umri wa miaka 55. Goti ndilo kiungo kinachoshikwa zaidi: wagonjwa wake walikadiriwa kufika milioni 365. Maradhi haya hayaui kwa ghafla. Humwondoa mtu katika shughuli za wenzake kidogo kidogo, mpaka siku moja watu huacha kumwuliza kama atakuja.

Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba tiba ya kwanza ya goti la namna hii ni mwendo wenye kipimo, na kwamba mwenzi wa ndoa, awe mume au mke, ana uwezo wa kuistawisha tiba hiyo au kuizima kuliko tabibu anayemwona mgonjwa mara moja kwa miezi mitatu. Dawa zina mahali pake, lakini si mahali pa kwanza. Na huruma inayomkalisha mgonjwa kitako mchana kutwa, ingawa yatoka katika moyo mwema, humdhuru.

MFANO ULIOVUKA MPAKA

Vitabu vya Biolojia hulitaja goti kuwa ni kiungo cha bawaba. Kwa habari ya uelekeo wa mwendo mfano huu ni sahihi, kwani goti hukunjwa na kunyooshwa kama mlango unavyofungwa na kufunguliwa. Lakini mfano huo umeachwa uvuke mpaka wake. Bawaba ya mlango husagika kila inapotumiwa. Anayetaka idumu hana budi kuupunguza mwendo wa mlango. Ndipo watu wakasema kwamba goti "limesagika" au "limekwisha mafuta". Mtu aliyeambiwa hivyo atatenda nini lenye busara, ila kulitunza goti lake kama dereva anavyoitunza tairi kuukuu ambayo hana ya kuibadilisha?

Hata jina la baridi yabisi lina mafundisho yake. Neno "yabisi" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kavu. Matabibu wa zamani, waliofuata elimu ya Wayunani iliyohifadhiwa na kuendelezwa na wataalamu wa Kiarabu, walizipima hali za mwili kwa joto na baridi, unyevu na ukavu. Na maumivu ya viungo yakahesabiwa kuwa ya baridi na ukavu. Elimu hiyo imepitwa, wala si baridi ya asubuhi inayolila goti. Lakini mazoea yaliyotokana nayo, kama vile kulikanda goti kwa kitambaa cha maji ya moto, bado humfariji mgonjwa na kulegeza misuli iliyokaza. Mfano wa bawaba, kwa upande wake, umeacha mazoea mabaya ya kukaa.

GOTI HUJILISHA KWA KUTEMBEA

Ncha za mifupa inayokutana katika goti zimevikwa gegedu, nalo ni utando mgumu, laini kwa kugusa, wenye unene wa milimita chache tu. Theluthi mbili au zaidi ya uzito wa gegedu ni maji, yaliyoshikwa ndani ya wavu wa nyuzi za protini pamoja na molekuli kubwa zenye tabia ya kuvuta maji. Ndani ya wavu huo zimo seli hai, ambazo kazi yao ni kuutengeneza na kuukarabati wavu wenyewe.

Jambo la ajabu ni kwamba gegedu halina mishipa ya damu. Seli zake hupata chakula kutokana na ute uliomo katika kiungo, na ute huo husukumwa na kuvutwa kwa mwendo. Mguu ukikanyaga chini, gegedu hukamuliwa na sehemu ya maji yake hutoka. Mguu ukiinuliwa, maji hurudi pamoja na chakula. Mwalimu aweza kuyaonyesha haya darasani kwa kipande cha sifongo na bakuli la maji yaliyotiwa rangi. Sifongo likilazwa juu ya maji bila kuguswa, rangi hupanda polepole. Likibonyezwa na kuachwa mara kadhaa, rangi huenea mpaka ndani. Yafaa mwalimu awaambie wanafunzi kwamba huu nao ni mfano tu: gegedu hushika maji yake kwa nguvu kuliko sifongo, na hukamulika kwa taratibu zaidi.

Kutokana na maelezo haya mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba kiungo kisichotumiwa hunyimwa chakula. Mguu uliofungwa plasta kwa majuma mengi hutoka na misuli iliyonyauka, na gegedu lake hudhoofika. La pili ni kwamba gegedu halina mishipa ya fahamu, kwa hiyo si lenyewe linalouma. Maumivu hutoka katika mfupa ulio chini yake, katika utando wa ndani unaofunika kiungo, katika kano na katika misuli inayolizunguka goti. Ndiyo sababu picha ya eksirei na maumivu ya mgonjwa mara nyingi havilingani: yuko mwenye picha ya kutisha anayepanda mlima, na yuko mwenye picha nzuri asiyeweza kuinuka kitini.

Kati ya sehemu hizo zote, misuli mikubwa iliyo mbele ya paja yastahili kutajwa peke yake. Misuli hiyo hunyoosha goti na hupokea kishindo cha kila hatua kabla hakijafika mfupani. Mgonjwa akikaa kwa kuogopa maumivu, misuli hudhoofika. Misuli ikidhoofika, kishindo huongezeka. Kishindo kikiongezeka, maumivu huzidi. Na maumivu yakizidi, mgonjwa hukaa zaidi. Mduara huu ndio unaomfunga mtu nyumbani, na kidonge hakiwezi kuukata peke yake, kwani kidonge hakijengi msuli.

USHAHIDI WA MAJARIBIO

Kama goti lingekuwa bawaba, kulisafisha na kulisugua kungelitengeneza. Wazo hilo lilipimwa huko Houston, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 180 waligawanywa kwa kura: baadhi yao walioshwa goti kwa ndani, baadhi walikwanguliwa gegedu lililochakaa, na wengine walichanjwa ngozi tu bila kufanyiwa lolote ndani, nao hawakujua. Katika miaka miwili iliyofuata, waliofanyiwa upasuaji wa kweli hawakupata nafuu kuwazidi wale waliochanjwa ngozi tu.

Mwendo nao umepimwa. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Marekani lililowahusu watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na goti bovu. Kwa miezi 18 baadhi yao walitembea kwa mpango, wengine walifanya mazoezi ya kuimarisha misuli, na wengine walipewa mafunzo ya afya peke yake. Makundi mawili ya mazoezi yalipata nafuu ya maumivu na ya utendaji kupita kundi la mafunzo. Huko Sweden, jaribio dogo la watu 45 waliokuwa katika hatari ya kupata maradhi haya, lililochapishwa mwaka 2005, lilionyesha kwamba baada ya miezi minne ya mazoezi ya wastani molekuli zinazovuta maji ndani ya gegedu zilikuwa zimeongezeka. Bawaba haiongezi chuma chake kwa kufunguliwa mlango. Gegedu ni kitu hai, nalo huitikia linapotumiwa.

Uaminifu wa kisayansi wataka isemwe pia kwamba nafuu hii si muujiza. Mapitio ya majaribio 54, yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliona kwamba mazoezi hupunguza maumivu kwa alama zipatazo 12 katika kipimo cha alama 100, na mapitio ya baadaye yamekuwa na tahadhari zaidi. Asiyejua kiasi hiki atatazamia kupona kwa juma moja, na asipopona ataacha. Anayejua kwamba nafuu huja kidogo kidogo, na kwamba hudumu kwa muda ule tu mazoezi yanapodumu, atayaweka mazoezi katika orodha ya mambo ya kila juma, kama kufua nguo.

Wale wenye uzito uliozidi wana faida nyingine. Katika jaribio la watu 454 lililochapishwa mwaka 2013, waliounganisha mazoezi na kupunguza chakula walipungua uzito kwa asilimia 11 hivi katika miezi 18, na nafuu yao ya maumivu ilikuwa kubwa kuliko ya waliofanya mazoezi bila kubadili chakula. Hapa pia mwenzi ana sauti, kwa kuwa chungu ni kimoja. Haiwezekani mke apunguze mafuta na sukari ilhali mume adai sahani yake iwe kama zamani.

NAMNA TATU ZA KUJIBU MAUMIVU

Mtu akigumia, mwenzi wake aweza kujibu kwa namna tatu. Aweza kukasirika: "Kila siku goti, goti!" Aweza kumvua kazi zote na kumtendea kila kitu. Na aweza kuonyesha kwamba amesikia na ameelewa, akamuuliza leo maumivu yakoje, kisha akamwacha afanye awezalo huku yeye akiwa karibu.

Namna hizi tatu zilichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017. Wagonjwa wa goti pamoja na wenzi wao waliandika habari za kila siku kwa muda wa siku 22, kisha uwezo wa wagonjwa wa kutembea na kutenda kazi ukafuatiliwa mpaka miezi 18. Wagonjwa ambao wenzi wao waliyajibu maumivu kwa kuelewa walikuwa na uwezo mzuri zaidi baadaye kuliko wale ambao wenzi wao hawakujibu hivyo. Katika Chuo Kikuu cha Duke, tangu miaka ya 1990, wataalamu walikwenda mbele zaidi, wakawafundisha wenzi wenyewe namna ya kumsaidia mgonjwa kuyakabili maumivu na kuendelea na mazoezi. Kwa maneno mengine, mume au mke aliacha kuwa mtazamaji katika chumba cha kungojea, akawa mmoja wa waganga.

Si vigumu kueleza kwa nini kuelewa kunashinda kumtendea mtu kila kitu. Anayenyang'anywa ufagio, ndoo na mwiko katika siku moja hunyang'anywa pia zile hatua elfu mbili tatu zilizokuwa zikilisha gegedu lake. Zaidi ya hayo, huambiwa bila maneno kwamba yeye sasa ni mzigo. Kinyume chake, mume anayesema, "Mama watoto, twende pamoja mpaka kwa jirani, ukichoka tutakaa," ameyakubali maumivu na amempa mkewe sababu ya kuinuka.

KAZI YA SHAMBA NA MAZOEZI

Wako watakaopinga wakisema: mazoezi ni mambo ya watu wa ofisini, mwanamke aliyelima, akachota maji na kubeba kuni kwa miaka arobaini amekwisha kufanya mazoezi ya kutosha, na sasa yampasa apumzike. Pingamizi hili lina uzito, wala si haki kulipuuza. Kwa hakika sehemu moja yake ni kweli kabisa: kazi nzito ya kuchutama na kubeba huongeza maradhi haya. Utafiti uliofanywa Beijing, China, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba wazee waliokuwa wakichutama kwa saa nyingi kila siku walipokuwa vijana waliugua goti kupita wale waliochutama kidogo.

Lakini kazi na mazoezi si kitu kimoja. Chakula hujenga mwili, na chakula kupita kiasi huuvimbisha; mzigo nao ni chakula cha goti kwa kipimo, na ni sumu ukizidi. Kazi haimwulizi mtu leo goti lako likoje: maji yakihitajika, ndoo hubebwa. Mazoezi yana idadi, yana pumziko, na huongezwa polepole. Kwa hiyo jawabu la pingamizi hili si kumkalisha mke kitako, wala si kumwachia kazi zote kwa kisingizio kwamba sayansi imesema atembee. Jawabu ni kuzigawa kazi upya: zile zinazolibana goti kupita kiasi zichukuliwe na mwenye goti zima, na zile za kutembea na kusimama aachiwe mwenyewe.

Hesabu ndogo yaweza kulieleza jambo hili vizuri. Huko Berlin, Ujerumani, wataalamu waliwawekea wagonjwa watano goti la bandia lenye vipimo vinavyotoa habari kwa redio, na mwaka 2010 wakatangaza matokeo. Kwa wastani, mtu akisimama kwa miguu miwili goti moja hubeba asilimia 107 ya uzito wa mwili. Akitembea sakafuni hubeba asilimia 261. Akipanda ngazi asilimia 316. Na akishuka ngazi asilimia 346. Basi mwanamke mwenye kilo 60, akitembea mikono mitupu, kila hatua hulipa goti lake mzigo wa kilo 157 hivi. Akijitwika ndoo ya lita 20 za maji, na tukichukulia kwamba uwiano ni ule ule, mzigo hufika kilo 209. Tofauti ni kilo 52 kwa kila hatua, mamia ya hatua kutoka kisimani mpaka nyumbani. Mume anayeichukua ndoo hiyo kwa baiskeli au kwa toroli, na kumwacha mkewe atembee kando yake mikono mitupu, amempa tiba mbili kwa safari moja.

NYUMBA ITENGENEZWE UPYA

Mambo mengine ni ya fundi kuliko ya daktari. Kitanda kifupi chaweza kuinuliwa kwa matofali mawili kila upande, ili miguu ikae chini bila goti kukunjwa sana. Jiko liinuliwe juu ya jukwaa la udongo au la matofali, mpishi asimame au aketi kwenye kiti cha kawaida badala ya kuchutama mbele ya mafiga. Beseni la kufulia liwekwe mezani. Juu ya choo cha shimo chaweza kuwekwa kiti cha mbao chenye tundu, ambacho seremala yeyote aweza kukitengeneza. Mbuzi ya kukunia nazi humkalisha mtu karibu na ardhi, na kuinuka kutoka pale ni taabu kubwa kwa mwenye goti bovu. Hapana sheria ya sayansi wala ya jadi inayokataza mume kukuna nazi. Mwenye kusali naye asijione mpungufu akikaa kitini, maana dini yenyewe imempa ruhusa asiyeweza kusujudu.

Bakora isidharauliwe. Lakini wengi huishika upande usiofaa. Goti la kulia likiuma, bakora hushikwa mkono wa kushoto, ikatangulia pamoja na mguu mgonjwa. Hivyo mkono hupokea sehemu ya uzito katika dakika ile ile mguu unapoelemewa. Usiku mto usiachwe chini ya goti mpaka asubuhi, ingawa hufariji, kwani goti lililozoea kukunjwa hushindwa baadaye kunyooka.

Mazoezi yenyewe hayahitaji chombo ila kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Mgonjwa huinuka na kukaa mara nane au kumi, hupumzika, kisha hurudia mpaka mara tatu. Asiyeweza bila mikono aanze kwa kujishikiza. Akiwa amekaa, hunyoosha mguu mmoja mbele, hesabu ya tano, kisha huushusha polepole. Hufanya hivyo siku moja na kupumzika siku moja, na siku zote hutembea, akianza kwa dakika kumi kama hawezi zaidi. Mwenzi asisimame kando kama askari. Aketi kwenye kiti cha pili na afanye naye. Miguu yake pia inazeeka.

Je, maumivu wakati wa mazoezi ni ishara ya kuacha? Katika mpango wa Denmark ulioanza mwaka 2013, ambao humpa mgonjwa mafunzo pamoja na vipindi 12 vya mazoezi chini ya uangalizi, mgonjwa huyapima maumivu yake kwa alama kutoka sifuri mpaka kumi. Yakiwa hayazidi tano, na yakarudi hali yake ya kawaida katika saa 24, huendelea. Yakizidi hapo, hupunguza kipimo bila kuacha kabisa. Kanuni hii yafaa ikaririwe na wote wawili, maana humtoa mgonjwa katika hofu na humzuia mwenzi asiwe mkali wala mlegevu.

DAWA NA MIPAKA YA NYUMBANI

Kutotegemea dawa si kuzichukia. Kuna siku goti huwaka, na dawa ya kupaka au ya kumeza kwa siku chache humwezesha mtu kutembea. Hatari ni kidonge cha kila siku kinachonunuliwa bila ushauri. Dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni zaweza kutoboa tumbo na kutoa damu, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu, na hatari hizo huwa kubwa zaidi kwa wazee, yaani kwa watu wale wale wanaozimeza. Wala asitokee mtu akaacha dawa za shinikizo la damu, kisukari au maradhi mengine kwa sababu ya maneno haya.

Mwenzi ajue pia mahali nyumba inapokoma na hospitali inapoanza. Goti lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto pamoja na homa. Goti lililokwama lisikunjuke. Mtu aliyeanguka akashindwa kuukanyagia mguu. Au kukakamaa kwa viungo vingi kila asubuhi kwa muda wa saa nzima na zaidi: haya si mambo ya maji ya moto na kiti. Kukakamaa kwa ostioathritisi kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kupita. Na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu asikandwe kwa maji ya moto, kwa maana ataungua bila kujua.

SHULE IFANYE NINI

Kijana wa sekondari hukaa katika nyumba ile ile ya mzazi au nyanya mwenye goti bovu. Akirudi kutoka darasani na neno moja tu, "bawaba", atakuwa amepeleka nyumbani mfano unaomkalisha mgonjwa. Akirudi na sifongo na bakuli, atakuwa amepeleka sababu ya kuinuka. Kwa hiyo walimu wa Biolojia, wanapofika katika mada ya mwendo, wasiishie katika majina ya viungo. Wafundishe kwamba gegedu ni hai, kwamba hulishwa kwa kutembea, na kwamba mzigo una kipimo. Walimu wa Fizikia nao wana hesabu ya ndoo na ya bakora mikononi mwao.

Kuna na kipimo ambacho kila mwanafunzi aweza kukifanya kwao bila gharama. Mgonjwa hukaa kitini mikono imekunjwa kifuani, na saa ya mshale ikianza huinuka na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Idadi huandikwa pamoja na tarehe, na kipimo hurudiwa kila baada ya majuma mawili. Bibi aliyeinuka mara nne mwezi wa kwanza, akiinuka mara saba mwezi wa tatu, hahitaji kuelezwa na mtu kwamba goti lake halijakwisha. Mumewe naye, aliyehesabu kwa sauti akiwa amekaa kwenye kiti cha pili, atakuwa amejifunza kwamba kumpenda mgonjwa kwaweza kuanza kwa kumwambia, "Haya, inuka, twende."